Gemu la jahazi, boksi la tatu: dado zimetulia, lakini mie nalisifu kwa kikapu

Haya jamani, mlokuwa mkiniuliza kuhusu lile gemu la jahazi, nshalinunua. Boksi la tatu, nimetoa 25,000 yangu mfukoni, sikupewa bure, na anaelitengeneza si jamaa yangu, kwa hivo yale mazuri ntasema na mabaya pia ntasema, akichukia atakuja barazani tutakunywa kahawa yatakwisha.

Kwa asojua: hili si ludo wala keram, hapana kushindana nani kafika mwanzo. Mnakaa watu wanne au watano, mmoja msimulizi, wengine kila mtu ana mtu wake kwenye chombo, yupo nahodha, rubani, sarahangi (mkuu wa mabaharia), mpishi, mganga, na mnapakia mzigo Malindi ya hapa Unguja mnakwenda Mkoani au Wete kule Pemba au mnapinda kisiwa cha Misali kujificha, hadithi mnaitunga wenyewe huku mnakwenda, na pale penye wasiwasi, je tumepita kwenye ule mwamba au hatukupita, ndo dado inasema. Wamarekani wanayo magemu ya namna hii tangu 1974 ilipotoka Dungeons & Dragons, ila kule ni majoka na mapango, hapa ni tanga na magunia ya karafuu na mtu anatapika ubavuni.

Boksi bado halina jina, juu limeandikwa kwa maka peni TOLEO LA 3 basi. Mwenyewe kijana wa Kikwajuni, alianza kutuletea Ramadhani ya mwaka juzi, baada ya tarawehe, wakati wenzetu wameshakaa kwenye keram na karata mpaka daku. Mie nimecheza matoleo yote matatu, na ndo maana nataka kuzungumzia dado zaidi kuliko picha za kwenye boksi, kwa sababu picha zilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza na gemu lilikuwa baya tangu siku ya kwanza.

Lile la kwanza alikuja na dado ya pande 20, moja tu, kaletewa na dada yake kutoka Uingereza, wote tukaishangaa kama tunda. Sheria ilikuwa rahisi, rusha, jumlisha ujuzi wako, ukifika 15 umefanikiwa. Nahodha ujuzi wake 3, mpishi hana kitu, sifuri. Sasa kwenye karatasi hiyo inaonekana sawa, nahodha yuko juu ya mpishi, si ndo? Tukacheza. Nahodha alikuwa shemeji yangu, bahari shwari, mchana kweupe, anaingia Mkoani, bandari anayoijua kama chumba chake, karusha 6. Chombo kimepanda mwamba. Tukacheka sana. Mpishi akasema nipisheni mie, karusha 18, kaking'oa. Tukacheka tena. Ikatokea mara ya pili, tukacheka kidogo, mara ya tatu hakuna alocheka.

Pale barazani kuna babu yetu mmoja, umri wake wa ujana kauvunja kwenye majahazi, yeye hachezi, anakaa na kikombe chake anasikiliza tu. Akauliza kwa upole kabisa, "Nahodha wenu huyu, chombo kapewa na nani?"

Wallahi swali hilo lilifanya kazi kuliko maneno yetu yote. Maalim wa hesabu akachukua kipande cha chaki akapiga hesabu hapo hapo sakafuni: nahodha anahitaji kuanzia 12 mpaka 20, pande tisa katika ishirini, yaani asilimia 45. Mtu kakaa baharini miaka thelathini anakosa zaidi ya nusu! Na mpishi anataka 15 mpaka 20, pande sita, asilimia 30. Kwa hivo tofauti ya baharia na mtu wa sufuria ni pande tatu tu. Dado ya pande 20 ndivo ilivo, kila upande una asilimia 5 yake sawa sawa, 1 na 20 na 11 zote ndugu, haina katikati, ukijumlisha 3 unajumlisha asilimia 15 na basi. Kwa gemu la mabahati makubwa makubwa inafaa, kwa gemu la watu wanaojua kazi yao inawafanya wote wanagenzi.

Na kulikuwa na ubaya mwengine ambao babu hakuusema ila mie niliuona, ukikosa hakitokei kitu. "Umeshindwa." Haya. "Rusha tena." Watu wakaanza kuchungulia simu zao. Nilimwambia yule kijana, bwana we, ukiona mtu anashika simu wakati mwenzake anarusha dado, shida si mtu, shida ni dado haisemi neno.

Toleo la pili kaja na mfuko mzima wa dado za ludo, alizisomba sokoni Darajani. Sasa kila mtu anarusha dado kwa idadi ya ujuzi wake na anatafuta 6, ukipata hata moja umefanikiwa. Hili nalipenda kwa mkono, nisiseme uongo, kushika dado tano kwenye kiganja na kuzimwaga kuna raha yake, zinalia. Lakini hesabu zake tazama: dado moja ni asilimia 17 hivi, mbili 31, tatu 42, nne 52, tano 60. Kila unapoongeza, unachopata kinapungua. Nahodha wa dado nne bado ni kama kurusha shilingi juu, na ukimpa ya tano umemsogeza asilimia 8. Tukauliza basi tumpe ngapi awe nahodha wa kweli, maalim akasema kumi zinafika 84, tukatazamana. Dado kumi kwenye baraza lenye upenyo wa kwenda mtaroni! Usiku ule tuliokota dado kwa tochi ya simu zaidi kuliko tulivosafiri.

Tena zenyewe hazikuwa nzima. Moja ilikuwa inapenda 6 kupita kiasi, shemeji kaijua akawa anaichagua kwa rangi, ile ya kijani, hata huulizi. Maalim akatuonesha kitu ambacho mie nilikuwa sikijui: tia maji kwenye glasi, koroga chumvi nyingi mpaka dado ielee, halafu isukume kwa kidole izame iibuke, mara nyingi nyingi. Ikiwa kila ukiisukuma inaibuka na upande ule ule juu, ndani yake haiko sawa, ina uwazi wa hewa upande mmoja. Ile ya kijani ilikuwa inaibuka na 6 kama inaitwa kwa jina. Tukaitupa, shemeji akanuna.

Sasa hili la tatu nlonunua. Dado mbili tu. Unarusha, unajumlisha zote mbili, unaongeza ujuzi wako. 10 kwenda juu umefanya safi. 7 mpaka 9 umefanya LAKINI. 6 kushuka chini msimulizi anakuletea balaa. Mfumo huu hakuubuni yeye, na mwenyewe anasema wazi kwenye kijitabu, umo kwenye magemu ya Marekani tangu 2010, yeye kautia chumvi ya huku. Lakini kuuchagua tu ilikuwa akili, kwa sababu dado mbili zina katikati. Njia za kuanguka ziko 36, 7 inatoka kwa njia sita, 2 kwa njia moja na 12 kwa njia moja. Mtu asokuwa na ujuzi wowote, katika 36 hizo, 15 ni balaa, 15 ni lakini, 6 ni safi. Mpe ujuzi wa 3, balaa zinabaki 3 tu na safi zinapanda 21. Huyo sasa ndo nahodha! Anaweza kukosa, bahari ni bahari, lakini akikosa unajua limetokea jambo.

Mwanzo alikuwa karuhusu ujuzi ufike 5, na hili tulimkamata sisi. Yule Mpemba mwenzetu kajikusanyia 5 kwenye kunadi karafuu, akawa kila akirusha hata haangalii. Kumbe ndogo kabisa ya dado mbili ni 2, ongeza 5 ni 7, hapati balaa mpaka kiama. Kila akiuza anauza. Tulicheza hivo siku mbili tunadhani ana bahati. Sasa mwisho ni 3 na kijitabu kimeandika kwa herufi kubwa, naona hizo herufi kubwa ni kwa ajili yake.

Na hilo LAKINI ndo gemu lenyewe. Umeingia Wete usiku bila taa, karusha 8, umeingia, lakini mtu wa forodha kakaa juu ya bollard, samahani, juu ya lile gogo la kufungia kamba, anakusubiri anafuta miwani. Mganga kamponyesha homa mpakizi, karusha 7, kapona, lakini sasa anamtaka mganga amuoze binti yake. Hakuna anaeshika simu hapo. Dado haisemi tena umeweza hukuweza, inasema haya, na kisha?

Ila wanunuzi nawaambia, hapa panataka msimulizi mwenye ulimi. Tulipompa maalim usimulizi, Mungu ampe afya, hesabu anajua, kila LAKINI yake ilikuwa tanga limechanika. Limechanika Tumbatu, limechanika Nungwi, tumelishona limechanika tena, mpaka rubani akauliza hili tanga au karatasi ya maandazi. Kijitabu kina mifano sita tu ya lakini, sita kwa gemu zima! Ndugu yangu mtengenezaji, toleo la nne tia ukurasa mzima, wa bandarini, wa baharini, wa mapenzi, wa deni, wasimulizi si wote wamezaliwa na bibi mwenye hadithi.

Sasa nifike kwenye kikapu.

Toleo la tatu lilipokuja tulimwomba babu aje acheze, maana maswali yake ndo yaloliponya gemu na hajawahi hata kushika karatasi. Akasema hapana, dado haigusi, kwa dini yake yeye dado haina nafasi mkononi, hata kama hapana pesa ndani yake. Wala hakututolea hotuba, kasema tu kwamba yeye haigusi. Mimi nikaona basi tena. Yule kijana akakaa kimya, kesho yake karudi na kikapu kidogo cha ukili, ndani kuna vikaratasi 36 kavipiga laminesheni, kila kimoja na namba: 2 kimoja, 3 viwili, 4 vitatu, hivo hivo mpaka 7 sita, kisha vinashuka mpaka 12 kimoja. Yaani kazichukua zile njia 36 za dado mbili akazitia kwenye kikapu. Akamwambia, "Babu, hii si dado, ni kikapu, unatia mkono unatoa." Babu kakitazama, kakipindua, kasema ukili huu wa Makunduchi au wapi, halafu kasema, "Haya, mie nahodha."

Na hapo gemu likageuka kabisa, nadhani hata mwenyewe hakutegemea. Dado haina kumbukumbu, umetoka kurusha 2 mara tatu mfululizo, ya nne haijui wala haikuonei huruma. Kikapu kinakumbuka. Kikaratasi kikitoka hakirudi mpaka vyote 36 viishe, ndipo unavirudisha unavichanganya. Kwa hivo tukitoka bandarini vibaya, 3, 5, 4, 5, hatusikitiki, kwa sababu tunajua mabaya yanapungua kikapuni. Na tukianza vizuri vizuri, 10, 11, 10, jahazi zima linanyamaza. Babu alikuwa anahesabu kichwani, hasemi, halafu tunafika sehemu ngumu kwenye mwamba wa Misali na yeye anasema tutie nanga tulale hapa mpaka asubuhi. Tunamuuliza kwa nini, bahari si shwari? Anasema, "12 imeshatoka, na 11 zote mbili. Mie siingii." Huyo anacheza gemu au anasafiri? Mimi nilisimama nikaenda kutafuta kashata nikiwa na furaha ya mtoto.

Wapo watasema basi si mtu anaweza kuhesabu akajua kinachokuja, kwisha raha. Kwa hesabu za juu juu ndio, kile kikaratasi cha mwisho unakijua kabla hujakitoa. Sisi tumeongeza sheria yetu wenyewe, vikibaki sita tunarudisha vyote, basi hakuna mwenye uhakika kamili na kumbukumbu inabaki. Kwenye kijitabu sheria hiyo haimo, itieni kwa kalamu.

Haya, na kinachoniudhi. Upepo. Boksi lina dado ya tatu ya buluu, dado ya upepo. Upepo ukiwa nyuma yako, kwa mfano unakwenda Pemba na kusi, upepo wa kutoka kusini, unarusha tatu unachukua mbili kubwa. Upepo ukiwa usoni, unarudi Unguja na kusi ile ile, unarusha tatu unachukua mbili ndogo. Kwa wazo ni zuri mno, msimu unaubeba mkononi. Na kwenye upepo mzuri imekaa sawa, asokuwa na ujuzi balaa zake zinatoka asilimia 42 zinashuka 19, safi zinapanda kutoka 17 mpaka 36. Lakini geuza. Upepo usoni huyo huyo balaa zake ni asilimia 68 na safi ni 5. Tano! Nahodha mwenye ujuzi wa 3 yeye balaa zake 20 tu, anavumilia. Kwa hivo kinachotokea ni nini, wengine wote wanaweka mikono mapajani, kila kitu "muacheni nahodha", hata kupika, kwa sababu nani anataka kurusha kwa asilimia 68 za balaa? Safari ya kurudi kutoka Mkoani watu wanne tulimtazama mtu mmoja akicheza masaa mawili.

Babu kalieleza kwa njia yake, kasema upepo wa usoni haukuzuii kwenda, unabisha, yaani unakwenda upande huu unarudi upande ule, unachelewa na kuchoka na maji yanapungua, lakini unafika. Yaani upepo wa usoni ungetakiwa kula muda na chakula, sio kula dado. Tumejaribu hivo kwetu: dado zinabaki mbili za kawaida, ila kila safi inageuka lakini, na kila siku ya kubisha unafuta kibuyu kimoja cha maji kwenye karatasi ya chombo. Mara moja mpishi akawa mtu mkubwa kuliko nahodha, maana yeye ndo anajua maji yamebaki mangapi. Nimemwambia mtengenezaji, kaandika kwenye daftari lake, tutaona.

Vifaa haraka haraka. Boksi ni la kadibodi ngumu, zuri, pembe moja ya langu imekuja imebonyea. Dado safari hii nzito na zina kona kali, nimezipima kwa chumvi zote tatu, hazina ubaguzi. Ramani ya bandari imechorwa kwa mkono na Tumbatu imewekwa karibu mno na Mkokotoni lakini msafiri hapotei. Karatasi za wahusika ni kumi tu, ukimaliza ukatoe kopi, na zile kopi wino wa buluu hautoki vizuri kwa hivo sehemu ya ujuzi inakuwa kama ukungu. Kijitabu kurasa 28, Kiswahili chake cha barazani, msome bila wasiwasi, ila sheria ya kusaidiana imefichwa ukurasa wa 23 wakati ndo inayotumika kila dakika (unasema unamsaidiaje mwenzio, anaongeza 1, na balaa likija mnagawana).

Kwa bei yake mie nimeridhika. Ukitaka dado peke yake ununue boksi la 20,000 bila kikapu, lakini elfu tano hizo usizionee choyo.

Jambo la mwisho, mtengenezaji kama unasoma: tia vikaratasi vya akiba. Juzi tumemaliza, tumehesabu, vipo 35, kilichopotea ni 12. Mtoto wa dada alikuwa anachezea kikapu jioni na anaapa hakukiona. Babu kashajua, jana kakataa kutoka Malindi kabisa.